Mtoto hajui msimu wa watalii: barua ya wazi kwa wakuu wa Kaunti ya Kilifi

Kwa Mheshimiwa Gavana, kwa Waziri wa Kaunti mwenye dhamana ya elimu, na kwa Waheshimiwa wawakilishi wadi wa Malindi,

Assalamu alaykum, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo.

Mimi ni mama wa Maweni, hapa Malindi, na kazi yangu ni kulea watoto wa watu. Huu ni mwaka wa 14. Nalea katika chumba kimoja cha nyumba yangu na kibaraza chake. Hivi sasa ninao tisa: mdogo ana miezi saba, mkubwa miaka mitatu na nusu. Malipo ni shilingi 70 kwa siku kwa aliye nazo. Asiye nazo hulipa Jumamosi, au huleta samaki, au hupita njia nyingine asionane nami. Sina kibao nje. Watu hupaita deikea, nami nimezoea, ingawa mume wangu bado anasema nyumba yake imegeuzwa stendi ya matatu.

Naandika kwa ajili ya neno moja, na nalitanguliza kwa sababu najua mna mikutano. Mtoto mdogo hutulizwa na mtu anayemjua, yule yule wa jana ambaye atakuwepo na wiki ijayo. Mtu huyo hayumo katika bajeti yenu. Mmejenga madarasa ya chekechea, na kwa hilo nashukuru, maana wajukuu zangu wawili wamepita humo. Lakini darasa la PP1 humpokea mtoto wa miaka minne. Hiyo minne ya kwanza amekuwa wapi, na kwa nani?

Wengine wamekuwa kwangu. Saa kumi na mbili na robo asubuhi mama zao huanza kufika. Mmoja anafanya usafi katika hoteli upande wa Casuarina. Wawili wanauza sokoni. Mmoja anaponda kokoto timboni, na mikono yake siku hizi haifungi kifungo cha nguo ya mwanawe, hunisukumia mimi. Hakuna kati yao mwenye likizo ya uzazi. Sheria ya Kazi inatoa miezi mitatu kwa mwanamke aliyeajiriwa, ila mponda kokoto ameajiriwa na nani? Mtoto wa miezi saba niliyemtaja alifika kwangu akiwa na siku 40 na kitu, kitovu kimepona juzi.

Nataka niwasimulie habari za mtoto mmoja. Nitamwita Kadzo, jina lake silo hilo. Aliletwa mwezi wa tatu mwaka jana, akiwa na mwaka mmoja na miezi mitano. Kabla yangu alikuwa amelelewa na binti wa miaka 14 aliyetolewa Ganda aje amsaidie dada yake, binti akarudi kwao. Akapelekwa kwa bibi, bibi akaugua. Akaachwa kwa jirani, jirani akapata kibarua Watamu. Watu wanne, ukimhesabu mama yake, na hajatimiza miaka miwili.

Kadzo alikuwa halii. Mama yake alinikabidhi kwa fahari: "Huyu ni mpole, mama, hakusumbui." Nami miaka ya nyuma ningefurahi, maana mwenye watoto tisa humwombea kila mmoja wao upole. Lakini nilimwangalia. Mama akiondoka hageuki kumtazama. Mama akirudi jioni hamkimbilii. Akianguka na kuchubuka goti hamtafuti mtu, anakaa kando na kulishika goti lake mwenyewe. Wiki tatu alisimama karibu na mlango akiwa ameshika ndara moja ya mama yake, haitupi wala hachezi nayo. Usiku, mama akaniambia baadaye, alikuwa akishtuka mara nne au tano.

Nikaanza kumweka mgongoni. Nilimfunga kwa leso asubuhi yote nikipika uji, nikifua, nikiwaongoa wengine, nikimsemesha upuuzi wowote uliokuja mdomoni. Wiki ya tano, asubuhi moja, mama yake alipogeuka kwenda, Kadzo aliangua kilio cha kuitisha mtaa. Nikasema alhamdulillahi. Jirani yangu alidhani nimerukwa na akili. Lakini ulezi una siri hiyo: anayelia amepata cha kukosa. Jioni ile mama alipotokea kwenye kona, mtoto alimkimbilia hata akajikwaa. Na mchana, kati ya kilio na mbio hizo, alikuja kwangu mara mbili kuonyesha kidole kilichochomwa na kibanzi.

Binti yangu anasoma Chuo Kikuu cha Pwani, na nilipomhadithia hayo alinicheka, halafu akanisomea mambo ambayo yalininyamazisha. Kuna kemikali ya mwili iitwayo kotisoli. Hupanda alfajiri ili tuamke, kisha hushuka kadiri mchana unavyokwenda, hata jioni iwe chini na mtu awe tayari kulala. Hofu ikiingia, hupanda. Hupimwa kwa mate tu: mtoto hutafuna kipamba, kipamba kinapelekwa maabara. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani, wakiwemo Sarah Watamura na Megan Gunnar, walitoa vipimo vya watoto wanaoshinda kutwa katika vituo vya malezi. Kwa wale wa rika la kuanza kutembea, siku za kituoni asilimia 71 kotisoli yao ilipanda kutoka asubuhi hadi alasiri. Siku za nyumbani, asilimia 64 yao ilishuka kama kawaida. Watoto hao hao! Na vituo vya huko vina vitanda, vina bustani, vina wahudumu waliosomea. Basi chumba changu cha watoto tisa kikipimwa mate, mnadhani kitasema nini?

Msinielewe vibaya. Kupanda huko kwa siku moja si ugonjwa, na binti yangu alinionya nisiwatishe mama za watu. Kinachodhuru ni hofu inayokaa, ya leo juu ya ya jana, ikaharibu usingizi, ikadhoofisha kinga, na kumkuta mtoto shuleni akiwa na kichwa kisichotulia kwenye jambo lolote. Nami nilitaka kujua dawa yake. Watamura na wenzake walirudia kupima, na mwaka 2012 wakaandika kwamba watoto waliokuwa na mshikamano mzuri na mlezi wao mkuu wa kituoni, kotisoli yao ilishuka mchana kama ya mtoto aliye kwao. Yaani kituo kikawa kama nyumbani kwao kwa sababu ya mtu mmoja. Mwaka mmoja kabla yake walikuwa wameonyesha kitu kingine, nacho ndicho kilichonifanya nishike kalamu: mtoto anayetoka nyumba ya dhiki akishinda pia kwenye malezi mabovu, hali yake huwa mbaya kuliko ya mwenzake yeyote, ilhali malezi mazuri ya mchana humpunguzia mzigo aliotoka nao nyumbani. Kwa hiyo mtoto wa maskini ndiye anayehitaji zaidi mlezi mzuri, na ndiye anayepewa yeyote aliyepatikana.

Msije mkasema haya ni mambo ya Wazungu na watoto wao. Elimu hii ya mshikamano wa mtoto na mlezi ina mzizi wake mmoja hapa jirani. Mtaalamu wa saikolojia, Mary Ainsworth, alikaa Uganda mwaka 1954 na 1955, akawa anatembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala, anakaa tu na kutazama: mtoto anamfuata nani kwa macho, anamlilia nani, anamrudia nani akiogopa. Alichokiona kwa Waganda kilikuja kufundishwa baadaye ulimwengu mzima. Bibi yangu wa Mambrui angemweleza hayo kwa kikombe kimoja cha kahawa, lakini bibi hakuandika.

Nikimtaja bibi, najua mtaniambia kwamba zamani mtoto alilelewa na ukoo mzima, akipita mkono kwa mkono, na hakuharibika. Ni kweli. Nami nimelelewa hivyo: mama, bibi, shangazi wawili, na mke mdogo wa babu aliyenipenda kuliko wote. Mikono ilikuwa mingi, lakini ilikuwa ile ile, miaka nenda miaka rudi. Mama wa Kadzo amepanga chumba Kisumu Ndogo. Bibi yuko shambani Magarini, shangazi yuko Mombasa. Ukoo anaubeba kwenye simu.

Sasa nifike kwenye jambo la Malindi hasa, ambalo sijasikia likisemwa katika kikao chochote. Watoto wetu hulelewa kwa kalenda ya hoteli. Kuanzia mwezi wa nne, kusi ikishika na mvua ikianza, watalii huondoka, Waitaliano hurudi kwao, hoteli nyingi hupunguza watu au hufunga kabisa. Mama aliyekuwa akifanya usafi anaambiwa akae nyumbani ataitwa. Hana shilingi 70, kwa hiyo mtoto anamtoa kwangu. Mwezi wa saba wageni wakirudi, anaitwa kwa simu jioni ili kesho asubuhi awe kazini. Nafasi ya mwanawe kwangu imeshachukuliwa na mwingine, kwani nami nakula. Anatafuta mlezi yeyote usiku ule ule. Baadaye msimu hushuka tena, kisha Disemba huja, na mtoto hubadilishwa tena. Nimewahesabu wangu: katika miaka mitano iliyopita, waliokaa nami mfululizo mpaka wakaingia PP1 ni saba tu. Nilipokea zaidi ya 50.

Kwa mtu mzima hiyo ni kupanda na kushuka kwa biashara. Kwa mtoto wa mwaka mmoja ni mtu aliyetoweka. Hana namna ya kuambiwa kuwa ni msimu. Amejifunza harufu ya leso yangu, ameshajua kwamba nikisema "haya" chakula kimeiva, na siku moja havipo. Akishatowekewa mara tatu, mara nne, huacha kujifunza harufu za watu. Huyo ndiye mtoto mpole anayesifiwa.

Nikiri na yangu, isiwe nanyoosha kidole tu. Mimi si malaika. Kuna siku nimewapigia kelele. Kuna siku mchanga mmoja analia, wawili wamejisaidia, mmoja anamng'ata mwenzake, na nimemwacha alie mpaka akachoka kwa sababu nina mikono miwili. Ninajua yupo mlezi, si mbali na kwangu, anayewapa watoto dawa ya mafua ili walale mpaka alasiri. Nimemgombeza. Aliniuliza, "We unao tisa, mimi ninao kumi na sita, wataka nifanyeje?" Sikuwa na jibu la kumpa, na sina hadi leo. Watoto wachanga watatu kwa mtu mmoja wanaleleka. Wakifika watano, unalinda tu wasife.

Miaka miwili iliyopita walinijia maafisa wawili. Ofisi yao siitaji. Walikuja na utepe wa kupimia, wakapima chumba urefu na upana, wakahesabu choo, wakaulizia mtungi wa kuzimia moto, wakaniandikia nifunge mpaka nitimize masharti. Hakuna aliyeuliza jina la mtoto hata mmoja, wala nimekaa nao muda gani. Na hili laniuma zaidi kwa sababu watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, hapa hapa Kilifi wamekwisha tengeneza kipimo cha makuzi ya mtoto mdogo, kinaitwa kwa jina la Kilifi, na wataalamu wa nje wanakijua. Kaunti ina rula ya kumpimia mtoto, ikaja kwangu kupima sakafu.

Nilifunga siku 11. Mmoja wa watoto alifungiwa chumbani na kaka yake wa miaka mitano. Mwingine alikwenda timboni na mama yake akawa analazwa chini ya leso iliyotandazwa juu ya vijiti, vumbi la mawe likimshukia. Siku ya 12 nilifungua bila ruhusa ya mtu, na ikiwa kwa kuandika haya nimejishtaki, basi nimejishtaki. Siwakatai wakaguzi. Huyo wa dawa ya mafua anahitaji kukaguliwa kesho asubuhi. Ila mkaguzi awe na jambo la kumpa mtu pamoja na karatasi ya kufunga.

Mambo haya ni yenu kisheria, msinipeleke Nairobi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inapoorodhesha kazi za kaunti, inataja elimu ya chekechea, na katika mstari huo huo inataja vituo vya kulelea watoto. Nusu ya kwanza ya mstari mmeifanyia kazi, inaonekana kwa macho, hata rangi yake inaonekana kutoka barabarani. Nusu ya pili imelala.

Ninachoomba si jengo. Tuandikisheni kwanza, wote, na waliobanana vyumbani, bila ya kutozwa leseni, kwa ahadi kwamba anayejiandikisha hafungiwi siku hiyo hiyo. Kisha wekeni idadi ya watoto kwa kila mlezi, na mlipie pengo. Hapa ndipo penye pesa, najua. Lakini mwenye watoto 16 akiambiwa abaki na watano bila kujaziwa kitu, atawaficha wale 11 chumba cha nyuma. Wahudumu wa afya ya jamii walizunguka vijijini bure miaka na miaka, hadi mwaka 2023 serikali kuu na kaunti zikaamua kuchangia posho yao, nusu kwa nusu, na kuwapa vifaa. Ilidhaniwa haiwezekani, ikawezekana. Mlezi naye apewe posho kama hiyo, nayo iwe na sharti moja: watoto wabaki naye.

Na ile miezi ya kusi, kati ya wa nne na wa sita, hapo ndipo pa kuanzia kama fedha ni chache. Lipieni nafasi ya mtoto wa mama aliyesimamishwa kazi, aendelee kuja hata mara tatu kwa wiki, uzi usikatike. Ni miezi mitatu tu kwa mwaka. Wenye hoteli nao waitwe wachangie, maana wanaotandika vitanda vyao mwezi wa nane ni hawa hawa mama.

Wahudumu wa afya nao, wanapopita nyumba kwa nyumba, na waingie kwetu walezi. Jamaica walifanya jambo dogo mjini Kingston mwaka 1986 na 1987: watoto 129 wa mitaa ya maskini, waliodumaa, na baadhi yao wakatembelewa saa moja kwa wiki kwa miaka miwili na mhudumu wa afya wa kawaida, akiwa na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mkono, akimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe. Walipotafutwa baada ya miaka 20, waliotembelewa walikuwa wakipata mshahara zaidi ya wenzao kwa asilimia 25. Kilichoingia nyumbani mwao ni mtu na saa moja. Mjumbe wa kamati ya fedha aliye miongoni mwenu naomba aisome sentensi hiyo mara mbili.

Kuna mengine ningeyasema, kama kibanda cha kunyonyeshea sokoni, au walimu wa chekechea wanaohamishwa katikati ya muhula pale tu watoto wanapowazoea. Yatosha kwa leo, mtoto wa miezi saba ameamka.

Njooni mwone. Siku yoyote ya kazi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, msije na mpiga picha wala fulana za kugawa. Ukifika Maweni uliza deikea, hata watoto wa madrasa watakuleta. Viatu mtavua mlangoni, uji nitawapa. Kadzo bado yuko kwangu, ana miaka miwili na nusu sasa, na mama yake hajasimamishwa kazi msimu huu. Mkiingia atajificha nyuma ya leso yangu na atalia, kwa kuwa hawajui. Msiudhike.

Wenu,
Mlezi wa Maweni, Malindi